Misimu minne ya pwani: kazi za mikono kwa darasa la awali, Januari hadi Disemba

Chati nyingi za misimu zinazouzwa madukani zina picha nne: mtoto anayecheza kwenye theluji, tawi linalochanua maua, ufukwe wenye jua kali, na mti unaopukutisha majani mekundu. Watoto wangu wakiitazama huuliza kwa nini yule wa kwanza anachezea unga. Ni swali zuri na nitalifikia mwishoni, ila si mahali pa kuanzia.

Nafundisha darasa la awali katika shule ya kijiji kimoja cha pwani, kusini kidogo ya mji wa Tanga. Watoto wangu wana miaka mitano, wachache sita. Hapa kwetu tunayo misimu minne yetu wenyewe, na wao wanaijua kwa miili yao kabla hawajaijua kwa majina: kiangazi cha upepo wa kaskazi, masika, kipupwe cha upepo wa kusi, na vuli. Kazi ya mwalimu ni kuwasaidia kuipanga.

Walimu wenzangu huniomba somo la misimu la wiki moja. Sinalo. Mtoto wa miaka mitano hana mwaka kichwani. Kwake jana, juzi na siku ile mjomba alipokuja ni kitu kimoja, na ukimwambia mwezi Agosti kwamba Februari palikuwa na joto, anakuitikia "ndiyo mwalimu" kwa adabu tu. Kinachoweza kuushika mwaka kwa niaba yake ni ukuta wa darasa. Kwa hiyo kazi zote ninazozieleza hapa zina sharti moja: zinaanza Januari shule inapofunguliwa na haziishi mpaka Disemba, kwa dakika kumi hivi kila asubuhi na siku moja ndefu kwa mwezi.

Mwalimu ajue nini kwanza

Hutawaambia watoto haya, lakini uyajue, maana wazazi watakuuliza. Dunia inalizunguka jua ikiwa imeinama, nyuzi 23 na nusu hivi, na mwinamo huo haubadiliki njiani. Ndiyo maana kuna miezi jua la adhuhuri linakaa upande wetu wa kaskazini na miezi linakaa upande wa kusini. Sisi tuko karibu na ikweta, Tanga ni nyuzi 5 tu kusini yake, kwa hiyo joto letu halipandi na kushuka sana. Kinachobadilika kwetu ni upepo na mvua. Ukanda wa mawingu ya mvua hulifuata jua linapokwenda kaskazini na linaporudi, ukichelewa kidogo nyuma yake, nasi hutupitia mara mbili: masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Disemba au zaidi. Upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Disemba hadi mwanzoni mwa Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili, hukaza Juni na Julai, na huanza kulegea Septemba. Katikati ya pepo hizo mbili ndipo wazee wanaposema ni tanga mbili, chombo kinaweza kwenda huku na huku.

Kuna mtu hakosekani kwenye kikao cha wazazi, atakayesema joto la Januari linatokana na jua kutukaribia. Mjibu taratibu: ni kweli dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, lakini wakati huohuo watu wa Ulaya wanatetemeka kwa baridi. Ingekuwa ni ukaribu, nao wangeungua.

Kama uko Dodoma, Singida, Mbeya au Ruvuma, usilazimishe misimu minne. Kwenu mvua ni moja, Novemba hadi Aprili, ile ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa huitolea utabiri wake kwa jina la mvua za msimu. Gurudumu lenu litakuwa na sehemu mbili kubwa, labda na ya tatu kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai. Fundisha anga iliyo juu ya paa lako.

Gurudumu la mwaka

Chukua boksi gumu, la mafuta ya kula ndilo zuri, ukate duara kubwa kama ungo. Ligawe vipande kumi na viwili, kimoja kwa kila mwezi. Usiligawe robo nne sawa, kwani misimu yetu hailingani: vuli ni fupi, kipupwe kirefu, na ukikata robo nne utakuwa umewafundisha watoto jambo la uongo kwa kutaka upate mchoro mzuri. Katikati pitisha msumari, nyuma yake uushikize kwenye kipande cha kandambili chakavu, na mshale uwe wa boksi hilohilo. Kandambili inabana msumari kiasi kwamba mshale unazunguka lakini hauanguki.

Mwezi Januari gurudumu lote ni tupu. Hatupaki rangi mwezi ambao hatujauishi. Siku ya mwisho ya kila mwezi tunakaa chini, tunakumbushana tumeona nini, halafu watoto wanaamua rangi na picha za kipande kile. Mwalimu akishapaka gurudumu zima rangi nyumbani kwake usiku ili lipendeze mbele ya mkaguzi, kazi imekwisha kabla haijaanza.

Rangi zisikusumbue. Mkaa uliotwangwa unatoa nyeusi, manjano ya jikoni inatoa njano, udongo mwekundu wa kichuguu unatoa hudhurungi, na majani ya mchicha yakipondwa yanatoa kijani ambacho kitapauka baada ya wiki chache. Changanya na uji mwepesi wa unga wa muhogo, vinashika vizuri. Uji huohuo mzito ndio gundi. Karatasi za manila zikikosekana, pasua mfuko wa saruji uutumie upande wa ndani, au shona viroba viwili pamoja.

Upepo

Upepo ndio uti wa mgongo wa misimu ya pwani, na ndio kitu chepesi zaidi kumwonyesha mtoto. Simika mwanzi mrefu uwanjani, juu yake funga utepe wa kanga kuukuu, urefu wa mkono wa mtu mzima. Chini yake panga mawe manne yaliyopakwa chokaa kuonyesha pande. Majina ya kaskazini na kusini peke yake hayamsaidii mtoto wa umri huu, kwa hiyo sisi tunayataja mawe kwa mahali wanapopajua: jiwe la Mombasa, jiwe la Pangani, jiwe la baharini na jiwe la Muheza. Kila siku saa nne mtoto mmoja anakwenda kutazama utepe unaelekea jiwe lipi na kurudi kutuambia upepo unatoka wapi. Usipime asubuhi na mapema. Alfajiri kuna upepo wa nchi kavu unaotoka bara kwenda baharini, na huo utakuvuruga mwaka mzima. Saa ileile kila siku, ndiyo kanuni.

Wakiwa wameshazoea utepe, tunakwenda kwenye vidau. Karara la mnazi, lile ganda linalofunika ua la nazi kabla halijapasuka, ni chombo kilichokwisha kuchongwa. Linahitaji mlingoti wa kijiti uliochomekwa kwenye kipande cha kumbi, na tanga la jani la mkungu au la mfuko wa plastiki. Watoto wa pwani hawahitaji mafunzo hapo, wao ndio watakaokufundisha. Januari au Februari tunakwenda kwenye dimbwi lililoachwa na maji yaliyokupwa, tunaweka vidau katikati na kuviachia. Vinakwenda upande wa Pangani. Tunachora mshale kwenye kiroba na kukitundika ukutani. Julai tunarudi dimbwi lilelile na vidau vipya, kwa sababu vya mwanzo vitakuwa vimeshaoza au vimechukuliwa na kaka zao. Safari hii vinakwenda upande wa Mombasa. Siku hiyo huna haja ya kusema neno. Rudi darasani, watazame mshale wa Januari ukutani, utasikia kelele zao.

Maji yasizidi magoti ya mtoto, wawepo watu wazima wawili zaidi yako, na saa ya maji muulize mvuvi badala ya kubahatisha.

Siku ileile ya Julai, au karibu nayo, namwalika mzee mmoja aliyekuwa nahodha. Watoto wanamwamkia shikamoo babu, anakaa kwenye kiti, wao kwenye mkeka. Anawaeleza jinsi majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalivyokuja na kaskazi, yameleta tende na chumvi na samaki wakavu, halafu yakakaa kungoja kusi iwarudishe kwao na boriti za mikoko. Ninachokitaka kwake ni hicho tu: upepo uligeuka, watu wakaweza kurudi nyumbani. Mtoto wa miaka mitano anaielewa hamu ya kurudi nyumbani kuliko anavyoelewa dira. Wazee wa namna hii pia walihesabu mwaka kwa miongo, yaani kumi kumi, tangu Siku ya Mwaka inayoangukia Julai, ile ambayo Makunduchi kule Unguja bado wanaisherehekea kwa Mwaka Kogwa. Miongo 36 na siku tano juu yake ndio mwaka wa siku 365. Kwa darasa la awali hesabu hiyo ni kubwa, lakini ukiwa na darasa la pili, fungeni vijiti kumi kumi kuanzia siku hiyo na mtaona wenyewe vuli inaingia kwenye fungu la ngapi.

Kipimo cha mvua

Chupa ya maji ya lita moja na nusu. Kata sehemu ya juu pale inapoanza kunyooka, igeuze kichwa chini uipachike kama mrija, kingo zizungushie gundi ya karatasi zisikate vidole. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo weka kokoto na maji mpaka uso uwe sawa, hapo ndipo mstari wako wa sifuri. Ichimbie kidogo ardhini, mahali pasipo na mti wala ukingo wa paa.

Milimita waachie darasa la tatu. Sisi tunatumia chane za ukuti. Asubuhi baada ya mvua mtoto anasimamisha chane kando ya chupa, anaikata kwa urefu uleule wa maji yaliyo juu ya mstari, na kuibandika chini ya tarehe kwenye kiroba kilichotundikwa ukutani. Siku isiyo na mvua tunabandika kipande kifupi kama ukucha ili ionekane kwamba tulitazama. Februari ukuta una kucha tupu. Mwishoni mwa Machi chane zinaanza kurefuka, na Aprili na Mei zinakuwa msitu. Juni zinakwisha taratibu. Oktoba zinarudi, lakini msitu wa vuli kwa kawaida ni mwembamba zaidi, na hapo watoto wenyewe hugundua kwamba mvua mbili si pacha. Mwaka mwingine vuli huwa kubwa kuliko masika. Usifiche, ukuta usome kama ulivyo.

Chupa imwagwe kila siku na kurudishwa kwenye sifuri. Ukiiacha siku chache utawaonyesha watoto viluwiluwi vya mbu, na hilo pia ni somo, nami hulifanya makusudi mara moja kwenye kopo lililofunikwa kwa kitambaa chembamba. Baada ya hapo tunazunguka uwanja mzima tukipindua vifuu, makopo na matairi. Masika kwetu ndiyo msimu wa homa, na mtoto aliyekwisha kumwona kiluwiluwi akigeuka mbu huenda nyumbani kumsumbua mama yake kuhusu pipa lisilo na mfuniko.

Kuna kipimo kingine cha masika ambacho hakitajwi kwenye vitabu: hudhurio. Kila mtoto wangu ana kibao cha jina anachokitundika kwenye msumari akiingia. Masika misumari mitupu inakuwa mingi. Njia imejaa maji, mama yuko shambani tangu alfajiri, mdogo wake anaumwa. Kila Ijumaa tunahesabu misumari mitupu na kuchora vijiti kwa idadi hiyo kando ya zile chane. Sharti ni kwamba hakuna jina linalotajwa. Tunahesabu kazi ya mvua, hatumhesabii mtu utoro. Siku ya mvua kubwa, mabati yakipiga kelele mpaka sauti yangu haisikiki, naacha kufundisha kwa mdomo. Tunafumba macho na kupiga magoti kwa viganja, polepole mvua ikiwa ndogo, haraka ikikaza, na nikiinua mkono wote wananyamaza. Hiyo ni kazi nzuri kuliko kushindana na bati.

Genge la darasa

Kona moja ya darasa tuna genge. Lina meza ya mabanzi, mizani ya vifuu viwili na fedha za karatasi tulizokata wenyewe. Kanuni ya genge letu ni kwamba huuzwa tu kile kinachopatikana kijijini wiki hiyo. Hapo ndipo misimu inapoingia kupitia tumboni.

Januari kuna embe, bolibo na dodo, na huja plamu na pichi kutoka Lushoto. Kokwa za embe tunazisugua, tunazianika juu ya bati na kuzitunza. Masika meza inakuwa ya majani, mchicha, kisamvu, matembele, majani ya kunde. Kuelekea Juni mahindi mabichi ya kuchoma yanafika na machungwa ya Muheza yanaanza kushuka bei. Kipupwe chote ni machungwa. Tunakausha maganda yake na kuyafunga kwenye uzi, magunzi tunayageuza kuwa watu. Oktoba na kuendelea mabibo yanaanza, na watoto wanakuja na madoa ya utomvu kwenye sare ambayo hayatoki, nawaombeni radhi akina mama. Novemba embe la kwanza linaonekana, chungu na ghali.

Bei ziandikwe. Weka picha ya chungwa na chini yake duara kwa kila shilingi mia: Julai maduara machache, Machi mengi. Mtoto anayeona kwamba chungwa lilelile linamgharimu mama zaidi mwezi mwingine ameshika jambo ambalo wakubwa wengi wanalilalamikia bila kulielewa. Wala usinunue vitu kwa mshahara wako. Omba maganda, kokwa na magunzi, hivyo ndivyo vinavyodumu.

Miti mitatu

Mti mmoja hautoshi. Mwembe unabaki kijani mwaka mzima na ukiutumia peke yake watoto wataona hakuna kinachotokea mpaka utoe maua. Sisi tunao mwembe, mbuyu na mkrismasi. Kila mwezi, siku ileile ya mwezi, tunakwenda kwenye kila mti, tunaweka karatasi juu ya gome au jani na kusugua kwa mkaa, na kila kikundi kinachora mti wake kama ulivyo.

Mbuyu ndio mwalimu mkuu. Masika umejaa majani, kipupwe kinapoendelea unapukutisha mpaka unabaki matawi matupu, na vuli ikikaribia unachipua tena na kutoa maua yale makubwa meupe yanayofunguka jioni na kuanguka siku inayofuata. Watoto huyaokota asubuhi yakiwa yameanza kunuka. Mkrismasi unawaka mwekundu Novemba na Disemba kabla shule haijafungwa. Mwembe hutoa maua kipupwe, kisha tunahesabu vile vijiembe vinavyodondoka kwa upepo. Picha kumi za mbuyu zikipangwa ukutani kwa mstari, mtoto anaweza kuweka kidole kwenye ile isiyo na majani na kusema "hapa tulikuwa tunavaa sweta."

Kivuli cha kijiti

Kazi hii wengi huikimbia wakidhani ni ya sekondari, na mimi naipenda kuliko zote. Simika kijiti cha mita moja wima kabisa, ukikipima kwa uzi wenye jiwe. Mara moja kwa mwezi, katikati ya mchana, weka kokoto kwenye ncha ya kivuli na uiache hapohapo, ipakwe rangi ya mwezi huo. Basi. Mwaka ukikaribia kwisha kokoto zimejipanga mstari.

Mchana wenyewe si saa sita kamili. Saa zetu Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari ulio mashariki ya pwani yetu, kwa hiyo Tanga jua hufika juu kabisa kati ya saa sita na dakika kumi na saa sita u nusu na kitu, kutegemea mwezi. Watoto wa awali wakati huo wameshakwenda nyumbani, kwa hiyo waambie wazazi mapema kwamba siku hiyo watachelewa, na uandae uji.

Hapa Tanga, mwanzoni mwa Juni kabla ya likizo, kivuli kinaelekea upande wa Pangani na kina sentimita hamsini na kitu. Mwanzoni mwa Disemba kimegeuka, kinaelekea upande wa Mombasa, sentimita thelathini hivi. Na kuna siku mbili kivuli hakipo kabisa: kama tarehe 7 Machi na tarehe 6 Oktoba, jua likiwa utosini. Dar es Salaam siku hizo huangukia mapema kidogo Machi na baadaye kidogo Oktoba, na Mtwara husogea zaidi, mwishoni mwa Februari na baada ya katikati ya Oktoba. Siku hiyo kila mtoto anasimama uwanjani kutafuta kivuli chake na kukikuta chini ya nyayo. Angalia tu kwamba ni siku za kuelekea masika na vuli zenyewe. Usiwaeleze kwa nini. Waulize siku ya kivuli kupotea ilifuatiwa na nini, na uwapeleke kwenye chane ukutani wakatafute wenyewe.

Vuli na kumbikumbi

Vuli ina mgeni wake. Mvua za kwanza zikipiga ardhi kavu, jioni kumbikumbi wanatoka. Hapa sina kazi ya mikono ya kueleza, zaidi ya beseni la maji chini ya taa, na kesho yake mabawa darasani. Yabandike kwenye gurudumu kwa uji. Jongoo nao wanatoka, wakubwa, weusi, na watoto huwagusa wajikunje. Jongoo ruhusa, tandu marufuku, na waweze kuwatofautisha kwa miguu kabla hujawatoa nje.

Kupima walichoelewa

Usiwapange mstari wakariri "kiangazi, masika, kipupwe, vuli." Wataimba vizuri na haitakuwa na maana. Weka ungo wenye vitu: kokwa ya embe, ganda la chungwa, bawa la kumbikumbi, sweta ndogo, chane ndefu, chane fupi, ua la mbuyu lililokauka. Mtoto achague kimoja na kukiweka kwenye gurudumu mahali pake, kisha aseme kwa nini. Akikiweka mahali usipotarajia, sikiliza kwanza. Mtoto aliyeweka sweta kwenye masika ana hoja, asubuhi ya mvua kuna ubaridi.

Na ile theluji

Sasa, Oktoba au Novemba, ndipo naitoa ile chati. Kwanza tunatazama mbayuwayu. Wenye mkia mrefu uliopasuka na koo la hudhurungi nyekundu hutufikia kutoka Ulaya na Asia kuanzia karibu Septemba na Oktoba, na kufikia Aprili huwa wanaondoka. Tunao mbayuwayu wetu wasiosafiri pia, kwa hiyo tazama koo na mkia. Swali kwa watoto: wanakimbia nini? Hapo theluji inapata kazi. Kule jua limekwenda mbali upande wetu wa kusini, siku zimekuwa fupi, wadudu hakuna, na ndege anayekula wadudu angani afanye nini kama si kuja kula kumbikumbi wetu?

Kama kuna mzazi mwenye ndugu Ulaya au Amerika, mwombe picha ya mti mmoja, uleule, mara moja kila mwezi kwa WhatsApp. Tulimpata shangazi wa mtoto mmoja anayeishi Uingereza. Picha zake tulizipanga juu ya picha za mbuyu wetu, mwezi kwa mwezi. Watoto waliona kwamba mti wa shangazi uko mtupu Januari mbuyu wetu ukiwa na majani, na Julai mambo yamegeuka. Theluji yenyewe tuliifananisha na barafu iliyokwanguliwa kwa kijiko kutoka kwenye barafu za duka, kila mtoto kijiko kimoja kiganjani, ikayeyuka kabla wa mwisho hajapewa, akalia, ikabidi tununue nyingine.

Disemba

Usitupe kitu isipokuwa maganda yaliyoingia funza. Gurudumu lililojaa linabaki ukutani karibu na tupu la mwaka mpya, kwa sababu watoto wapya wa Januari watataka kujua wanakoelekea. Kiroba cha chane kiviringishe na ukitundike kwenye waya darini. Kisiguse sakafu wala ukuta, maana mchwa wanasoma haraka kuliko darasa la kwanza. Kokoto za kivuli ziingize kwenye kopo, kila moja na rangi ya mwezi wake, na kijiti king'oe kabla mbuzi hawajajikunia. Ukikirudisha Januari kisimike kwenye shimo lilelile.